Edmund, Mtoto wa Thomas

Dada yangu Rahab hajawahi kupanda ndege, lakini anajua nani alikuwa jirani ya nani katika jiji la Norwich, Uingereza, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Ndiyo kazi yake. Akiwa sebuleni kwetu Kiamunyi, anasoma picha za daftari kuukuu za kanisa kwenye kompyuta, akiwatafutia Waingereza mababu zao.

Jumatano nilimkuta ameshika kichwa. Chai yake ilikuwa imeweka utando.

"Gathogo, nimeharibu."

Mteja wake, Bi Hester, alitaka kujua asili ya Edmund, mwokaji mikate aliyeanzisha ukoo wao. Rahab alikuwa amempata mzee Edmund, mwanawe Thomas, na Edmund mdogo, kifungua mimba wa Thomas. Mjukuu wa kwanza amebeba jina la guka, babu yake, kama tunavyofanya sisi Wakikuyu. Akaona ukoo umejipanga wenyewe. Akamwandikia Bi Hester kwamba huyo mdogo ndiye mwokaji, na hakutafuta zaidi. Sasa, akipekua mazishi ya mwaka wa tauni kwa kazi nyingine, alikuwa ameona mstari mmoja: Edmund, mtoto wa Thomas, mtaa uleule, amezikwa. Mwokaji aliuza mikate miaka ishirini baadaye.

"Na jiwe la ukumbusho la ukoo wao linachongwa kesho," alisema. "Majina yote matatu."

"Wacha lichongwe! Hao Waingereza walichukua shamba letu Molo bila kuuliza jina la mtu hata mmoja. Leo tukose usingizi kwa jina lao?"

"Komredi, hotuba baadaye. Bi Hester hata Molo hajui iko wapi. Akinipa nyota moja huko mtandaoni, nani atanipa kazi tena? Mwanangu Abby atakula hotuba zako?"

"Basi nyamaza."

"Ninyamaze vipi? Mtoto amekufa na tauni, mimi nimempa mke na tanuri!"

Alimwandikia Bi Hester, akafuta, akaandika tena. Nilimshauri alaumu picha mbaya za daftari. Alikataa. Aliandika kwamba alikisia, akatuma, kisha akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kompyuta ikalia.

"Soma wewe," aliniita kutoka jikoni. "Mimi siwezi."

Nilisoma kwa sauti: "Fundi nimemsimamisha. Nimekasirika sana, Rahab. Endelea kutafuta, lakini usiniletee tena jina lisilo na ushahidi."

Alikuja akaketi, mikono ikidondosha maji.

"Guka wa baba aliitwa nani?" aliuliza ghafla.

"Kinyanjui, kama baba mwenyewe. Baba ni kifungua mimba, kwa hivyo lazima..."

"Umeona wapi?"

Hakuna mahali. Kaburi lake lilibaki ndani ya lile shamba la Molo, bila jiwe, na hakuna mzungu aliyemwandika popote, wala sisi.

Rahab alichukua penseli. Akaandika Kinyanjui, kisha akaweka alama ya kuuliza.