Kopo la Samaki Juu ya Bomba la Mvuke

Kazini walimwita Bi Nyuzi, kwa sababu ya nyuzi za joto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kazi moja: kuhakikisha kwamba bomba la mita kumi lililolala ndani ya handaki lina joto sawa mwanzo hadi mwisho, lisipishane hata kwa robo ya nyuzi. Ndani ya bomba mlikuwa na mvuke wa madini laini yaitwayo rubidi. Leza iliugeuza mvuke huo kuwa plazma, yaani gesi ya chembe zenye umeme, kisha fungu la protoni likapita katikati kwa kasi isiyosemeka na kuacha mawimbi nyuma yake, kama lori linavyoacha upepo unaorusha makaratasi barabarani. Elektroni zilitupwa humo zidandie mawimbi, zipate katika mita chache nguvu ambayo mashine nyingine huitafuta kwa kilomita. Zilizodandia zilipimwa. Zilizoanguka hazikuwa na wa kuzililia.

Mkuu wa kikundi, aliyekuja miaka miwili iliyopita, alikuwa daktari wa fizikia, yaani daktari asiyeweza kukutibu hata mafua. Alivaa tai nzuri na hakupenda foleni ya kantini.

Asubuhi moja handaki lilifungwa kama kawaida, maana protoni zikipita haruhusiwi mtu humo. Bi Nyuzi, aliyekaa chumba cha mitambo, akaona joto la mwanzo wa bomba likishuka nyuzi nzima. Alinyanyua mkono asimamishe kazi. Kabla hajasema neno, elektroni zikatoka na nguvu ambayo hawakuwahi kuiona. Watu wakapiga makofi. Mkuu akapiga zaidi ya wote, akijipongeza.

Mchana handaki lilipofunguliwa, Bi Nyuzi alishuka mwenyewe. Pale mwanzoni, blanketi la kuzuia joto lisipotee lilikuwa limefunuliwa, na juu ya chuma limekaa kopo la samaki, wa friza, lililoachwa pale kabla ya handaki kufungwa, katikati bado wa baridi. Mafuta yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye waya. Chini ya doa jipya palikuwa na madoa ya zamani, ya manjano, ya kahawia, moja lina mwiba. Alifunika pua kwa kiwiko. Vipima joto vitatu alivyokwisha kuvitupa kwa kuvishuku, siku nyingine joto lilipopungua kidogo bila sababu, havikuwa na kosa lolote.

Mkuu akaja nyuma yake, akatia kidole koponi, akalamba.

"Wamepata moto kidogo," alisema. "Karibu, dada."

"Nimeshiba," Bi Nyuzi alijibu, na kwa mara ya kwanza maishani neno hilo lilikuwa kweli kabisa.

Kesho yake Mkuu alimletea daftari la zamu. Matokeo yasingepokelewa kokote bila saini ya fundi wa joto. Na mkataba wa fundi wa joto ulikuwa unaisha mwezi ule ule, anayeuongeza akiwa Mkuu.

"Andika kwamba niliagiza mwanzo wa bomba upoe, ili mvuke upungue pale na kuongezeka mbele. Makusudi."

"Mbona hukuniagiza?"

"Niliwaza. Mkuu akiwaza, hiyo ni nusu ya agizo."

"Nusu nyingine ilitoka kwenye friza?"

Mkuu hakucheka. "Fikiria mkataba wako, dada yangu."

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Mama watoto, funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunua tayari, baba. Linanuka."

"Basi ziba pua utie saini."

"Nikitia, siku zote alizoweka uchafu wake zitabaki zimeandikwa kuwa kosa la vipima joto vyangu. Yaani kosa langu."

Mumewe akasimamisha cherehani. 

Asubuhi Bi Nyuzi aliandika kwa herufi kubwa: kopo moja, samaki wa friza, mali ya Mkuu, joto la mwanzo likashuka nyuzi moja, hakuna aliyeagiza. Chini yake akaorodhesha tarehe nyingine zote alizozishuku, akatia saini.

"Umeniharibia jina!" Mkuu alifoka.

"Jina lako sijaliandika. Nimeandika cheo."

Wakaguzi wa matokeo waliposoma walirudia jaribio kwa kupunguza joto la mwanzo wa bomba kwa swichi, bila samaki, na elektroni zikapata nguvu ile ile. Lilikuwa jambo la kweli, tena zuri, na hilo ndilo lililomchefua Bi Nyuzi zaidi. Ripoti ya Mkuu ilisifiwa. Ndani yake kopo liliitwa "kipozeo cha muda." Wakaguzi walilazimisha ukurasa wa Bi Nyuzi uchapwe mwishoni jinsi ulivyo, saini na yote.

Mkataba haukuongezwa. Ijumaa alikabidhi funguo, na Mkuu, mbele ya watu, akamnyooshea mkono wa kuagana. Bi Nyuzi aliutazama ule mkono, kucha moja hadi nyingine, akavaa glovu zake za kazi bila haraka, ndipo akaupokea.