Maneno ya Mwisho ya Mwalimu Mugenzi

Watu wa Gisimenti, mtaa mmoja wa Kigali, walimjua kinyozi Silvère kwa mambo mawili: mkono mwepesi wa kunyoa, na rozari iliyoning'inia kwenye msumari juu ya kioo chake. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, mtoto wa wakimbizi, na Kiswahili cha mitaa ile hakikumtoka hata baada ya kuhamia Kigali. Kiswahili hicho ndicho kilichomkutanisha na mwalimu Mugenzi, mzee wa hesabu aliyekulia Ngara, Tanzania, ambaye alisema Kinyarwanda humchosha ulimi anapotaka kubishana.

Na kubishana walibishana, kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja. Mwalimu hakuamini kama Mungu yupo, wala hakuficha.

"Juzi umeomba mvua kwa ajili ya maharage ya mke wako," alimwambia siku moja, povu likiwa limemjaa kidevuni.

"Nimeomba, na imenyesha."

"Na jirani yako anayefyatua matofali ameomba jua. Naye ni Mkristo. Sasa Mungu wako amemtupa nani?"

"Mwalimu, Mungu si mwenyekiti wa mkutano, ahesabu kura."

"Basi usiseme amekujibu wewe. Sema imenyesha."

Wateja walicheka, na Silvère akacheka nao, lakini moyoni ilimuuma. Kila Jumamosi alishindwa. Hata hivyo Mugenzi hakuwa mtu wa dharau. Mteja mmoja alipomuuliza kama ana hakika, alijibu, "Hakika sina. Ila siwezi kusema naona kitu nisichokiona."

Mwaka jana mwalimu alishikwa na uvimbe wa tumbo, akawa hatoki tena nyumbani kwake Kicukiro. Silvère akawa anamfuata huko na mkoba wake wa vifaa. Jumamosi ya mwisho, mzee alikuwa amebaki mifupa. Alimshika kinyozi wake mkono.

"Silvère, nikifa watakuuliza kama nimetubu. Wamezoea kuuliza. Waambie kweli, basi. Utaniahidi?"

"Naahidi, Mwalimu."

"Haya. Ninyoe vizuri, na humu masikioni pia. Gahongayire asione aibu mbele ya watu wa kanisa lake."

Gahongayire alikuwa binti yake wa pekee, mlokole, aliyefunga na kusali kwa ajili ya baba yake tangu akiwa msichana. Wakati huo alikuwa sokoni akinunua maziwa. Silvère alimnyoa mzee taratibu. Kabla hajamaliza shavu la kushoto, Mugenzi alisinzia, na pumzi ikakatika pale pale, jua la saa tano likiwaka dirishani.

Siku ya mazishi watu walijaa uani. Mchungaji alihubiri kwa tahadhari, kama mtu anayepita kwenye utelezi. Ndipo Gahongayire akasimama, kitenge kimemlegea begani, akamgeukia Silvère mbele ya wote.

"Muzee Silvère, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini? Alimwita Mungu?"

Uso wa Gahongayire ulikuwa hautazamiki. Silvère alifungua kinywa ili aseme kweli, akasikia sauti yake ikisema, "Alimwita. Tulisali pamoja. Alisema, Bwana, nipokee."

Ua mzima ukalipuka kwa haleluya. Gahongayire alianguka magotini akilia kwa furaha, wanawake wakamkumbatia. Silvère alipongezwa, akashikwa mikono. Baadaye angejitetea kwamba ilikuwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini pale pale, kabla jeneza halijatolewa, alihisi kitu kingine kifuani, kitamu, na alilijua jina lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alikuwa amemshinda Mugenzi, na Mugenzi hakuwa na uwezo wa kumjibu.

Habari ikatembea. Kanisa la Gahongayire likamwita akatoe ushuhuda, naye akashindwa kukataa. Alisema tena yale yale, na safari hii akaongeza chozi kwenye shavu la marehemu. Kijana mmoja alikwenda mbele akatubu.

Tangu hapo hakukomunika. Misani, wenzake walipopanga mstari kupokea Ekaristi, yeye alibaki kwenye benchi akitazama viatu vyake. Mkewe Béatha aliliona hilo Jumapili tatu, ya nne akamuuliza, "Umeua mtu?"

"Ningekuwa nimeua, ningejua pa kwenda."

Mwishowe alikwenda kwa padri, akaungama. Padri alimsikiliza, akamwondolea dhambi, kisha akasema, "Wewe umesamehewa. Lakini ule uongo bado unatembea huko nje kwa miguu yako. Nenda ukaurudishe."

Alimkuta Gahongayire dukani kwake, akiandika kwenye karatasi maneno ya kuchongwa kaburini: *Alimrudia Bwana*. Silvère hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, ahadi na uongo na lile chozi la kubuni.

Gahongayire aliweka kalamu chini.

"Nililala usingizi miezi miwili," alisema. "Miezi miwili tu maishani mwangu. Kwa nini hukuniacha nilie kilio changu mwenyewe?"

"Mama, nisamehe."

"Kwa hiyo alisema nini?"

"Alisema nimnyoe vizuri, hata masikioni. Ili usione aibu mbele ya watu wa kanisa lako."

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa, macho yalikuwa makavu.

"Ulisema mbele ya watu. Utakanusha mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata Silvère alisimama mbele ya kanisa lile, kipaza sauti mkononi. Alisema, "Mwalimu Mugenzi hakutubu. Nilidanganya. Aliyekuwa hamwamini Mungu aliniomba niseme kweli, na mimi ninayemwamini nikasema uongo kwa jina la Mungu." Kijana yule aliyetubu alichukua koti lake akatoka. Mchungaji akaashiria kwaya ianze kuimba.

Ile karatasi Gahongayire aliichana. Jiwe la kaburi lina jina na miaka tu. Wateja kadhaa walihama, na wale waliobaki hawamchokozi tena Silvère kuhusu dini. Anasali kama zamani, na anakomunika. Lakini akifika kwenye maneno ya Baba Yetu, "jina lako litukuzwe", mara nyingi huwaacha wenzake waendelee mbele bila yeye.