Magadi Katika Maziwa ya Chelangat

Isagek zikichemka na magadi hutoa harufu iliyo kati ya nyasi mbichi na sabuni ya kipande. Ni mboga chungu, na bila magadi huwa ngumu hata ukizipika nusu siku. Ukitia kidogo tu zinalainika, zinabaki kijani kibichi, na ule uchungu unapungua. Nikipita nyuma ya jiko lolote hapa Merigi nikaisikia harufu hiyo, huongeza mwendo. Najua watu wengi wakikumbuka jiko la mama yao hulainika moyo. Mimi sitawadanganya. Harufu hiyo hunikumbusha Chelangat, na likizo ile ndefu ya Desemba nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilipomwonea wivu mpaka nikakosa usingizi na hamu ya chakula.

Chelangat ni binti wa dada ya mama yangu. Mama yake alipofariki aliletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo, na kwa desturi ya Wakipsigis mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Mama alimpokea vizuri. Alimpokea vizuri kupita kiasi, ukiniuliza. Chelangat alipewa upande wa kitanda ulio mbali na ukuta wenye baridi. Chelangat akikohoa, mama alisimamisha kazi. Nikikohoa mimi, niliambiwa nivae sweta. Alikuwa amenizidi miaka mitatu, alisoma kama mtu anayefukuzwa, hakuvunja kikombe, hakujibu mtu vibaya. Mjaribu kuishi na mtu kama huyo chumba kimoja ndipo mje kunihubiria. Kitu kimoja tu nilichomshinda ni jina. Watu wote walimwita mama yangu Mama Cherono, na Cherono ni mimi. Hata Chelangat alimwita hivyo. Kila alipotaka chumvi ilibidi ataje jina langu kwanza, na mimi nilikuwa nikisikia utamu kila mara.

Magadi ya siku hizo hayakuwa haya ya unga yanayouzwa kwenye vipakiti. Yalikuwa mawe meupe yenye wekundu kwa mbali, yamefungwa kwa gazeti, na kazi yangu ilikuwa kuyaponda. Mama alisema yanatoka kwenye ziwa huko chini katika Bonde la Ufa, ambako jua linakausha maji na kuacha gamba juu kama ugali ulioshika sufuria. Ukiyashika kwa mikono yenye maji, vidole vinateleza. Ng'ombe wetu walipewa walambe, na walipokosa walitafuta udongo wa chumvi kule bondeni wakaula kama wenda wazimu. Jirani yetu aliyetoka upande wa ziwa la magharibi, mumewe akifanya kazi kiwandani, hakununua magadi hata siku moja. Alichoma maganda ya maharage, akaweka jivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, akamwaga maji juu, na yale yaliyodondoka, rangi ya chai ya rangi, ndiyo aliyopikia mboga. Lakini kilichoniingia akilini zaidi ni kiungulia cha mama. Kifua kilipomwaka, aliramba magadi kidogo, akanywa maji, akabeua, na kusema magadi hayapatani na kitu kichachu, yanakiua. Nililiweka neno hilo kwa makini, kama mtoto anavyoficha peremende.

Matokeo ya darasa la nane yakaja. Chelangat alikuwa amepita vizuri kuliko mtu yeyote shuleni kwetu, na akaitwa shule ya bweni ya wasichana upande wa Kericho. Mama alilia, akaimba, kisha akafanya jambo lililonimaliza: akakiteremsha kibuyu cha nyanya yangu. Kibuyu kile hakikuguswa ovyo. Mama alichoma mti wa senetwet, akasugua makaa yake ndani ya kibuyu kwa ufito, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta, mpaka ndani kukawa kweusi na kunukia moshi. Akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina, akafunga. Yangekaa siku kadhaa mpaka yachachuke, yawe mursik, na Chelangat angekuwa wa kwanza kunywa mbele ya kanisa zima na majirani. Nilimuuliza mama kama siku moja nami nitatengenezewa. Hakugeuka hata. Alisema, "Wewe soma kwanza kama dada yako."

Kesho yake mchana mama na Chelangat walikwenda kuchuma majani chai, nami nikaachwa kuchunga vifaranga. Nikaponda magadi mpaka yakawa unga, nikajaza konzi, nikafungua kibuyu. Nikamwaga, nikafunga, nikakitikisa, nikakirudisha mahali pake kikiwa kimeangalia upande uleule. Halafu nikaenda kuchunga vifaranga vizuri sana.

Nilikuja kuelewa jinsi magadi yalivyofanya kazi nikiwa kidato cha pili, tulipotia maji ya magadi kwenye karatasi nyekundu ya litmasi ikawa buluu. Mwalimu akasema hiyo ni kaboneti ya sodiamu, tena ni alkali. Akakamulia limau juu yake likatoka povu, akasema asidi imekutana na adui yake. Akaeleza kuwa jivu, kama lile la jirani yetu, lina ndugu yake, kaboneti ya potasiamu, na kwamba vitu hivi vikikutana na mafuta huanza kuyageuza sabuni. Darasa zima lilikuwa linanakili. Mimi niliweka kalamu chini. Maziwa huganda kwa sababu yanatengeneza asidi yao yenyewe, na kila tone la asidi lililojaribu kuzaliwa ndani ya kile kibuyu, konzi langu lililimaliza.

Siku ya sherehe watu walijaa uani. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Mama, na kitambaa kipya kichwani, akainua kibuyu amimine kikombeni, na kilichotoka hakikuwa mursik. Kilikuwa kitu chembamba, cha manjano, kinachoteleza, na harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Mama alionja kwa kidole, na uso wake ukaanguka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kosa lake, kwamba alichemshia maziwa kwenye sufuria ya isagek na hakuisuuza vizuri. Lakini nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujificha sana, "Angekuwa Cherono, hayo maziwa yangeiva."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitaka kumchafulia Chelangat siku yake, na matope yote yalikuwa yamemwangukia mama: mwanamke anayemnyima yatima maziwa. Ningesema pale pale. Mdomo wangu ulifunguka. Lakini Chelangat alinitangulia, kama kawaida yake. Alichukua kikombe mkononi mwa mama, akanywa chote, bila kukunja uso, akapangusa midomo. "Ni mazuri, Mama," akasema.

Hakusema Mama Cherono. Alisema Mama. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia, na tangu siku hiyo hakulitaja jina langu tena akitaka chumvi.

Sasa nina binti wa miaka minne na ninachuma majani chai yaleyale. Kliniki imemwambia mama apunguze magadi kwa sababu ya presha, kwa hiyo isagek zetu siku hizi ni ngumu na chungu, na analalamika kila jioni. Chelangat anafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha chai huko Kericho. Kila akija na mkate na sukari, hadithi ya kikombe husimuliwa upya, na kila mwaka kikombe kinakuwa kikubwa zaidi. Pasaka hii aliisimulia akiwa amempakata mtoto wangu, wangu mimi, naye mtoto akimtazama kama malaika. Nilikuwa nimesimama na sahani chafu mikononi, nikachoka. Wakati ule nilihofu wangenijua. Sasa nilikuwa tayari kulipia ili wanijue.

Nikasema, "Mama, sufuria ilikuwa safi. Ni mimi niliyetia magadi. Konzi zima, kwa makusudi, kwa wivu."

Mama alinitazama, macho yakamjaa machozi, akanyoosha mkono akanishika kiwiko.

"Usinibebee kosa langu, binti yangu," akasema. Kisha akamgeukia Chelangat, akitabasamu jinsi ambavyo nimesubiri tangu nizaliwe anitabasamie. "Umemsikia? Hatimaye amekuwa na moyo kama wako."