Sahani ya Watu Wawili

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, tukipanda kutoka ndani ya kreta ya Empakai, nikiwa na biskuti ndani ya begi na aibu kifuani. Sogea karibu, mwanangu. Nimesikia umekataa kwenda na wenzako kutembea hifadhini kwa sababu unaogopa kukaa katikati ya watu. Sitakucheka. Ugonjwa huo niliishi nao nyumba moja.

Nilipokuwa na umri kama wako sikuweza kula mbele ya watu. Hapa nyumbani Karatu, na mama na wadogo zangu, nilikula vizuri tu. Lakini macho ya mgeni yakitua kwangu, mkono ulitetemeka na tonge likagoma kooni. Kwenye harusi ya binamu yangu nilimwaga mchuzi juu ya shati jeupe. Watu wakacheka kidogo, wakasahau palepale. Mimi sikusahau. Tangu siku hiyo, kila sherehe iliponikuta nilisingizia kuumwa tumbo, na mama, maskini, akawa ananichemshia dawa ya tumbo lisilo na kosa.

Mwaka huo paroko wetu alikusanya vijana wa Karatu, sisi Wairaqw, na vijana wa Kimasai kutoka Endulen, twende kwa miguu kupitia Nainokanoka na Bulati hadi Empakai, punda wakibeba mahema. Unajua wazee wetu na wazee wao waligombana sana kwa ajili ya ng'ombe. Basi paroko akasema, "Kila kijana wa Karatu na kijana mmoja wa Endulen, sahani moja, mpaka turudi." Wengine wakashangilia. Mimi nilianza kuhesabu siku za kurudi kabla hata ya safari kuanza.

Mwenzangu aliitwa Saitoti, morani mrefu mwenye utani mwingi. "Nasikia ninyi mkila ugali mnalamba na mwiko," aliniambia. "Leo nitaona kwa macho." Hakuona kitu. Jioni sahani ilipoletwa nilimwambia nimeshiba, ale tu. Nikazunguka nyuma ya hema, nikatafuna bisi na biskuti alizonifungia mama. Nikajisemea, jamaa ana bahati, anakula chakula cha watu wawili. Kesho yake mchana nikafanya hivyohivyo, na jioni pia.

Siku iliyofuata tuliacha mizigo kambini, juu ya ukingo wa kreta, ila mimi sikuachana na begi langu, tukateremka hadi ziwani. Ilikuwa wakati wa kurudi, katikati ya msitu, kwenye mwinuko mkali, Saitoti alipokaa chini. Mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe kutwa nzima! Midomo ilikuwa imemkauka. Askari wa hifadhi aliyetusindikiza na bunduki akasema, "Hapa si pa kukaa, jamani. Kinyesi hiki cha nyati bado kibichi. Mwinueni." Tukamwinua. Akakaa tena.

Mzee Gwandu, katekista wetu, akamwinamia. "Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Umekula nini?"

Saitoti akanitazama, kisha akatazama chini. "Chai."

"Na sahani yenu inayorudi tupu?"

"Niliwapa wenye punda. Morani hali peke yake, mzee. Anakula na rika lake. Paroko alisema huyu ndiye rika langu safari hii. Nilikuwa namngoja."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningemwaibisha."

Mwanangu, nilitamani ardhi ya Empakai, iliyodidimia zamani ikawa kreta, ididimie mara ya pili, pamoja nami.

Mzee Gwandu akauliza, "Nani ana kitu chochote cha kutia mdomoni? Chakula kiko kambini, na huyu hafiki." Watu wakapapasa mifuko. Hakuna. Nami biskuti zilikuwa mgongoni kwangu. Nikanyamaza. Kufungua begi kulikuwa kukiri mbele ya wote kwamba nilikula kwa kujificha. Askari alikuwa akitazama vichaka, na mwenzangu akitetemeka. Labda nilikaa kimya kwa muda wa kusali Baba Yetu mara moja, si zaidi. Lakini katika muda huo nilimweka rafiki kwenye mizani na aibu yangu, na aibu ikawa nzito kuliko yeye. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko mchuzi wowote.

Nadhani mzee aliona namna nilivyoshika mikanda ya begi. Akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, aibu ni yako. Njaa ni ya nani?"

Nikafungua begi.

"Kumbe mwenzetu ana duka!" mmoja akapiga kelele, wakacheka wote. Nikampa Saitoti biskuti. Akaishika, asiile. "Na wewe," akasema. Macho yote yalikuwa kwangu. Nikaweka biskuti mdomoni, mkono ukitetemeka hadi makombo yakanijaa kifuani. "Kumbe ana meno!" yuleyule akasema. Nikatafuna. Nikameza. Ndipo Saitoti naye akaanza kula, na baada ya muda akasimama.

Jioni ile sahani ilipokuja nilimwambia ukweli: "Mimi watu wakinitazama hutetemeka." Aliigeuza sahani tu, akakaa yeye upande wa kuelekea watu, mgongo wangu ukabaki kwao. Tukala. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha maradhi yangu, nikakaribia kumuumbua mtu mwingine.

Basi nenda na wenzako, mwanangu. Usingoje woga uishe kwanza. Wangu haujaisha, kwenye harusi mkono huu bado hutetemeka, na bado naupeleka kwenye sinia. Tafuta mtu mmoja, mwambie unachokiogopa. Mmoja anatosha. Na unapotaka kujificha, kumbuka huenda yupo mtu aliyekwisha kunawa mikono, anakungoja wewe, na heshima inamzuia kukuita.

Mungu akupe mwenzako wa kukugeuzia sahani. Akujalie nawe uwe huyo kwa mwingine, na usishibe kamwe wakati rafiki yako ana njaa.