Mnong'ono Ndani ya Kwaya

Kwa miaka mingi nilikana kwamba sauti ya mama yetu imo kwenye ile rekodi ya kwaya ya Ipole. Mdogo wangu, anayefundisha fizikia Urambo, alishikilia kwamba imo. Mimi, msomi wa fasihi, nikamwambia anasikia anachotamani. Mama alifariki kabla ya simu za kurekodi kutufikia. Kama hayumo kwenye kanda hiyo, hayupo popote. Nadhani ndiyo maana nilikana. Niliogopa kumtafuta nikamkosa.

Mwaka jana nilijinunulia hedifoni kubwa, zile wanazovaa watu wa studio, nikazichomeka kwenye simu nilimohamishia kanda ile. Kwaya nzima ikasikika kama imefungiwa ndani ya bani la kukaushia tumbaku, nami niko barabarani. Nikamlalamikia mdogo wangu kwamba nimetapeliwa. Akaniuliza ukinzani wake wa umeme. Nikamsomea kilichoandikwa pembeni: ohm mia tatu.

"Dada," alisema, "hilo ni tela la ng'ombe wanne, wewe umelifungia mbuzi."

Nikaelewa kwa namna yangu. Nilikwenda mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, nikarudi na amplifaya iliyozoea kupiga muziki wa harusi. Sauti ilikuja, naam, pamoja na mvumo wa mzinga mzima wa nyuki. Mdogo wangu akasema sasa nimelifungia treni. Hedifoni hazitaki nguvu tu, alinifafanulia kama mwanafunzi wake wa nyuma kabisa darasani. Zinataka nguvu inayozitosha, kutoka kwenye mashine iliyo kimya yenyewe. Jumapili moja akaja Tabora na ya kwake, ndogo kama kitabu cha nyimbo. Akaunganisha, akanivalisha, akakaa.

Kwanza nilisikia ukimya. Sikuwa nimejua kwamba kanisa lina ukimya wake: benchi likilia, mtu akikohoa kwa adabu, kuku huko nje. Kisha sauti zikaingia, kila moja mahali pake, hata nikaona ningeweza kupita katikati yao bila kumgusa mtu. Na kabla ya kila mstari, chini kabisa ya pumzi za waimbaji, palikuwa na mwanamke akinong'ona maneno yanayofuata. Haimbi, anasema. Haraka, kwa upole, kama anayemnywesha mtoto dawa. Nikarudisha nyuma, nikarudisha tena.

Machozi yalishafika kidevuni, lakini bado nilibisha: mnong'ono unaweza kuwa wa mtu yeyote. Mdogo wangu akasema tumuulize mama mdogo, aliyekuwa akisimama ubavuni mwa mama kwenye kwaya ile miaka yote. Nikampigia, nikamwamkia, nikamweleza tulichosikia.



"Mimi kusoma sijui, mwanangu," alisema. "Kitabu nilikuwa nakishika tu. Mama yenu ndiye alikuwa ananipa maneno."