Fundi wa Roret na sikio lake la kushoto

Saa nne asubuhi, ukungu umeanza kupanda kutoka mashamba ya chai ya Roret, na Bilhah Mageto bado hajagusa kazi. Amekaa mlangoni pa kibanda chake cha fundi wa redio, kikombe mkononi, akiangalia bati la jirani. Likikauka ndipo ataanza.

"Hizi vitu hazitaki unyevu," anasema. "Ukifungua saa moja asubuhi, umeharibu."

Vitu vyenyewe ni hedifoni mbili za miaka ya sabini, kubwa kama mabakuli ya uji, moja ikiwa kuukuu kuliko mwenzake. Ni mali ya Mwalimu Kipngeno, mstaafu wa Sigor, aliyeachiwa na meneja wa shamba la chai aliyerudi kwao. Hazina sumaku wala koili. Ndani ya kila upande mna utando mwembamba kuliko nailoni ya kufungia mkate, umewekwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Kisanduku kinachounganishwa nazo huupa utando huo umeme tuli wa volti mia kadhaa, nao hutetemeka kufuata muziki. Unyevu ukiingia, umeme unavuja na upande mmoja unanyamaza.

Bilhah, mwenye miaka 57, alifanya kazi miaka 17 kwenye mashine za kusaga majani katika kiwanda cha chai kabla ya kufungua kibanda. Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe. Mwezi mzuri humpa shilingi elfu kumi na mbili.

Hedifoni za aina hii hakuwahi kuziona kabla ya hizi, na alizijua kwa kuumia. Mara ya kwanza alizikausha ndani ya debe la majani makavu ya chai. Kukauka zilikauka, lakini vumbi la chai likapenya, zikawa zinatatarika kama samaki kikaangoni.

"Akili ya kiwandani hiyo," anacheka. Siku hizi anatumia mchele uliofungwa kwenye kitambaa.

Mwalimu anataka kubaki na moja, ya kusikilizia kanda zake za kwaya aandike nyimbo zisipotee. Nyingine atauza. Ipi ibaki, ni kazi ya Bilhah kuamua. Kipimo chake ni kanda moja ya zamani ambamo mzee wa kanisa anatangaza kwaya ya Bomet. Hedifoni nzuri, anasema, inakusikilizisha pumzi ikitoka midomoni, ukajua kama mzee alisema Bomet au Pomet, maana kwa Wakipsigis wengi, Mwalimu akiwamo, b na p ni ndugu.

"Amesema Pomet," anasema Bilhah.

Mwalimu anaivaa hedifoni na kutikisa kichwa. "Hapana, Mama Obure," anasema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hajasema Pomet. Amesema Pomet!"

Bilhah anapiga meza kwa kicheko. "Na hiyo yako ni gani, Mwalimu?"

"Na wewe Mkisii, hebu sema lori."

"Rori."

Utani huo ulikaribia kufa Juni iliyopita. Upande wa kushoto wa hedifoni kuukuu ulisikika hafifu. Bilhah aliufungua mara tatu, akamaliza kipande chake cha mwisho cha utando. Wapi! Mwalimu akaijaribu, akasema pande zote zinaongea sawa. Bilhah akadhani mzee anamliwaza tu.

Alipobaki peke yake, aliivaa kinyume, upande wa kushoto kwenye sikio la kulia. Kama ubovu ungekuwa wa hedifoni, ungehamia kulia. Haukuhama.

"Nilikaa chini nikalia," anasema. "Shida haikuwa kwa hedifoni. Ilikuwa kwangu."

Daktari alimweleza kwamba kelele za mashine zimelila sikio lake la kushoto. Sauti nyembamba hazisikii tena, na hazitarudi. Kwa mtu anayekula kwa masikio yake, hiyo ni habari ya kutisha. Hadi leo, nje ya familia yake, ni Mwalimu peke yake anayejua.

"Biashara ni midomo ya watu," anasema. "Wakisikia fundi wa redio ni kiziwi, nani ataleta?"

Tangu siku hiyo kila hedifoni huisikiliza mara mbili, sawasawa na kinyume, sikio la kulia likifanya kazi ya yote mawili. Kisha humpa Mwalimu. Leo wamekubaliana: kuukuu ndiyo bora, na itabaki Sigor.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza kama habari ya sikio iachwe nje ya gazeti. Bilhah anapangusa meza polepole, kisha anamtazama Mwalimu.

"Andika," anasema hatimaye. "Nitaongeza kiti kimoja hapa. Mwenye kuleta redio aje na masikio yake, tusikilize pamoja."