Tuta la Mama Vumilia

Jembe zuri ukiligonga linalia. Siku hizi ndiyo kazi yangu, nauza majembe Makambako, na wateja wazee wakija hata salamu hawaanzi nayo. Mzee anainua jembe, analigonga kwa kokoto, ting, halafu anatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Likilia vizuri analipa. Likilia kama sufuria iliyotoboka ananirudishia huku ananitazama kama mimi ndiye niliyelifua.

Wao wanasikiliza chuma. Mimi, msinicheke, nikisikia ile ting namsikia bibi yangu. Nanusa udongo wa baridi na viazi mbegu vilivyoanza kuchipua kwenye mfuko, na nasikia aibu fulani ya zamani, ya wakati nina miaka tisa na mdomo mwepesi kuliko akili.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Makambako, kulikuwa na mgowe. Ni ile siku jirani yako anaandaa chakula na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, halafu watu wote wanakwenda kumlimia shamba lake linaisha kabla jua halijazama. Na mgowe bila wimbo ni adhabu tu. Aliyekuwa anaanzisha nyimbo alikuwa Mama Vumilia. Aliyekuwa anaitikia alikuwa bibi yangu. Kina mama wengine walifuata nyuma, lakini hao wawili ndio walikuwa wenyewe. Mama Vumilia anatupa neno, bibi analidaka, majembe yanashuka pamoja. Walifanya hivyo tangu ni wasichana mpaka wote wawili wakawa na wajukuu.

Kisha wakaja watu wa redio. Wakampenda Mama Vumilia, wakamchukua kwenda kurekodi, na huko wakampa wasichana wenye sauti laini wa kumwitikia. Bibi akabaki na jembe lake. Mama Vumilia akahamia Njombe mjini, akawa anaitwa kwenye sherehe zote, na nyimbo zake zikawa zinapigwa hadi kwa vinyozi. Zikianza nyumbani kwetu, bibi alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuku hawajala.

Hawakusemeshana tena. Mama Vumilia alipofariki, kijiji kizima kilikwenda kuzika, bibi akasema goti linamuuma. Sasa mimi nilikuwa mtoto lakini sikuwa kipofu. Goti hilohilo, wiki hiyohiyo, lilimpandisha juu ya mparachichi.

Mwaka uliofuata tukasikia Mama Vumilia ametengenezewa bustani ya kumbukumbu kule Njombe, palepale kwake, kaburi katikati, maua pembeni, sanamu na kila kitu. Siku moja asubuhi nikamsikia bibi anamwambia mama jikoni, taratibu, "Sijamlimia tuta lake. Sitaki nife na Vumilia amenikaa kooni."

Hapo niwaeleze. Kundi lao la mgowe lilikuwa na utaratibu wake. Mwenzao akifa, kila mmoja anakuja na jembe lake mwenyewe nyumbani kwa marehemu, analima tuta moja, anapanda viazi, na wakati analima anaimba. Ndiyo kuagana kwenyewe. Tuta likiisha, maneno yote mliyowahi kurushiana yanafukiwa humo. Kina mama wote walishalima ya kwao. Limebaki la bibi.

Basi tukaondoka, mimi na yeye. Mimi nilipelekwa kubeba mfuko wa viazi mbegu, yeye alibeba jembe kalifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Kondakta akamuuliza, "Mama, unakwenda kulima mjini?"

"Nakwenda kusalimia," bibi akasema.

"Na jembe?"

"Wewe ukienda kusalimia unakwenda na mikono mitupu?"

Kondakta akatupisha tukae. Mimi nikacheka hadi bibi akanifinya. Alikuwa ananiita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao, na aliponifinya alisema, "Mume gani huyu, kamasi zimemshinda na bado anacheka watu."

Njombe tuliikuta imevaa ukungu. Baridi ya kule mnaijua, inaingia kupitia kwenye soksi. Bustani yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ua la michongoma limekatwa sawasawa, njia za kokoto, na majani mafupi ya kijani yaliyopangwa hivi hadi nikadhani ni zulia. Katikati kaburi la vigae. Pembeni sanamu ya saruji ya mwanamke ameshika jembe. Nikamwangalia usoni, nikamwambia bibi, "Bibi, huyu mbona ni mwenyekiti wetu wa kijiji kavalishwa kitenge?" Safari hiyo bibi hakunifinya. Alikaza mdomo, mabega yakamcheza kidogo, nikajua nimempata.

Kulikuwa na kina mama kama kumi wa kwaya, wamevaa sare, wanapiga picha. Na kulikuwa na kijana mlinzi, ana buti za mvua na koti kubwa. Akatusalimia vizuri, "Kamwene, bibi," bibi akaitikia, halafu akafungua kitenge. Kijana alipoona jembe akaja mbio.

"Bibi, samahani. Hapa hatuchimbi."

"Sichimbi. Nalima tuta moja."

"Hata moja, bibi. Haya majani yameletwa kwa gari. Wakikuta yameng'olewa nafukuzwa mimi."

Bibi akayatazama yale majani. "Vumilia amepigana na majani maisha yake yote," akasema. "Amekufa, mmeyapanda juu yake."

 Kijana akatazama buti zake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kazi yake tu, na bibi naye aliliona hilo kwa sababu hakumgombeza. Alisimama pale na jembe lake, mwanamke mfupi mwenye sweta la bluu lililotoka nyuzi kwenye kiwiko, ametoka Makambako na maneno ya miaka yote ile, na hapakuwa na pa kuyaweka. Sijawahi kumwona bibi hajui la kufanya. Ilikuwa mara ya kwanza, na iliniogopesha kuliko viboko.

Halafu akainama, akaokota kokoto njiani, akaning'iniza jembe kwa mkono wa kushoto, akaligonga. Ting. Ting, ting. Mlinzi akaligeukia bango la makatazo lililosimama karibu na kaburi. Kuimba hakukuandikwa pale.

Bibi akaimba. Aliimba kwa Kibena, mimi nawawekea kwa Kiswahili na utamu wote unapotea, mnisamehe: "Inua, shusha, jua bado lipo." Sauti ilitoka na vumbi, maana hakuwa ameimba tangu Mama Vumilia aondoke kijijini. Akaimba hiyo mara moja. Akanyamaza. Jembe likaendelea, ting, ting, ting, ting, mara nane nzima, na yeye kimya, macho kwenye kaburi. Kisha tena, "Inua, shusha, jua bado lipo." Akanyamaza tena.

Kina mama wa kwaya wakashusha simu zao. Wakaanza kutazamana. Na mimi nikajua kilichotokea: bibi amesahau maneno. Anakumbuka mstari mmoja tu. Mbele za watu wenye sare. Kila alipofika kwenye kile kimya nilitamani ardhi inimeze, na immeze na yeye, na viazi vyetu.

Mara ya tatu sikuvumilia. Nilitafuta maneno yoyote ya kumsaidia, na mbele ya macho yangu kulikuwa na kitu kimoja tu chenye maneno, bango la bustani. Nikaliimba. Nilipaza sauti kwa ule mdundo wa jembe:

"Usikanyage majani, usichume maua!"

Mama mmoja wa kwaya akaguna. Bibi aligeuza kichwa akanitazama, na mkono wake ukakosa pigo moja. Moja tu. Halafu akaitikia:

"Inua, shusha, jua bado lipo."

Nikaona kumbe inaingia. "Usitupe taka ovyo, tumia pipa lile!"

"Inua, shusha, jua bado lipo."

Bango likaisha. Nikahamia kwa mlinzi na buti zake kubwa, nikahamia kwa mwenyekiti wa kijiji aliyegeuzwa saruji, nikaimba baridi ya Njombe iliyonigandisha masikio. Kina mama wa kwaya wakacheka, kisha wakaanza kuitikia pamoja na bibi, sauti ya pili na ya tatu kama wanavyojua wao. Bibi alikuwa anaimba na machozi yanashuka na wala hayafuti, mkono mmoja una jembe, mwingine una kokoto. Mimi nilidhani analia kwa furaha kwamba nimemwokoa. Niliimba kwa nguvu zaidi.

Wimbo ulipokwisha, mlinzi alikuja taratibu. "Bibi," akasema, "nyuma kule kwenye tangi la maji kuna kitalu cha miche. Pale hamna majani. Na kwa kweli panahitaji tuta."

Bibi akalima tuta lake nyuma ya tangi. Halikuzidi urefu wa kitanda. Akaweka viazi, akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja kama anayembembeleza mtoto. Alisema maneno ambayo sikuyasikia na sikutakiwa kuyasikia. Kisha akafunga jembe kwenye kitenge, akaniambia, "Twende, mume wangu."

Njiani kurudi nikasubiri asante. Haikuja. Tulipokaribia Makambako nikajisogeza, nikasema, "Bibi, ningekuwa sipo ungeaibika leo. Ulisahau wimbo wote."

Akatazama nje, misitu ya paini inapita. "Vumilia naye alikuwa hivyohivyo," akasema. "Hana maneno ya kukariri. Anaimba anachokiona." Akanigeukia. "Na mdomo wake ulikuwa hivyohivyo."

Nikajua ni sifa. Nikakaa nazo miaka na miaka.

Shule niliishia la saba, na kuna mambo yanachelewa kunifikia. Hili lilinifikia mwaka juzi, tena sokoni. Nilikuwa nauza na rafiki yangu Lameki. Mimi napaza, "Majembe haya hayajui kuchoka," yeye anamalizia, "anayechoka ni wewe," wateja wanacheka, tunauza. Lameki akaondoka kwenda Mchuchuma, kwenye makaa ya mawe, kutafuta kibarua. Asubuhi ya kwanza bila yeye nikapaza, "Majembe haya hayajui kuchoka," na nikanyamaza. Sikuwa nimesahau kinachofuata. Nakijua hata usingizini. Nilinyamaza kwa sababu hapo si pangu.

Nikakaa chini juu ya majembe. Nikamwona bibi kwenye bustani, macho kwenye kaburi, jembe linahesabu mapigo nane. Bibi hakuwa amesahau kitu. Alikuwa mwitikiaji, na alikuja kuitikia. Ule ukimya ulikuwa wa Mama Vumilia. Alikuwa anampa zamu yake, mara ya mwisho, kwa heshima zote, na mimi na kamasi zangu nikaingia humo na habari za pipa la taka.

Nilijichukia sana. Krismasi iliyopita nikaenda kijijini nikiwa nimeamua kumwomba msamaha. Siku hizi goti linamuuma kweli. Nilimkuta shambani amekaa kwenye kigoda anapalilia viazi kwa kijembe kidogo. Nikashika jembe langu, nikalima pembeni yake, nikawa natafuta pa kuanzia. Kabla sijapapata, mwenyewe akaanza, sauti kama karatasi:

"Inua, shusha, jua bado lipo."

Kisha kile kimya. Safari hii nilikijua. Nikafunga mdomo, nikalima polepole bila kugonga jiwe, nikamwachia Mama Vumilia nafasi yake yote.

Bibi akaacha kupalilia. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe mume wangu," akasema, "mjini wamekukata ulimi? Imba, tunachelewa."